Walter Plowright: Aliyeishinda sotoka, na fumbo la nguruwe aliloliacha Muguga

Tarehe 28 Juni 2011, mkutano mkuu wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, mjini Roma, ulitangaza kwamba ugonjwa wa sotoka umetokomezwa duniani. Siku 11 baadaye, tarehe 9 Julai, bendera ya Sudan Kusini ilipandishwa mjini Juba. Taifa ambalo jamii zake nyingi hupima mahari, fidia na heshima ya ukoo kwa ng'ombe lilizaliwa katika dunia ambayo ugonjwa uliowatia hofu wafugaji kwa karne nyingi haukuwamo tena.

Mtu aliyetengeneza chanjo iliyowezesha hayo, Mwingereza Walter Plowright, hakuwahi kuisikia habari hiyo. Alifariki Februari 2010 akiwa na umri wa miaka 86. Wanaomkumbuka humkumbuka kwa ng'ombe, na ni haki yake. Lakini katika maabara ile ile ya Muguga, nje kidogo ya Nairobi, alitumia miaka kadhaa kuchunguza ugonjwa mwingine, homa ya nguruwe ya Afrika, ambao hadi leo unaweza kumfilisi mfugaji wa Juba, Gulu au Busia kwa wiki moja. Ng'ombe aliwaachia kinga. Nguruwe aliwaachia maelezo ya kina kuhusu adui yao, pamoja na swali ambalo sayansi bado inalifanyia kazi: virusi hivi huingia kwa mlango gani katika chembechembe za kinga za mnyama?

Kutoka Lincolnshire hadi Kabete

Plowright alizaliwa Julai 1923 Holbeach, mji mdogo wa wakulima katika jimbo la Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza. Alihitimu udaktari wa mifugo katika Royal Veterinary College mwaka 1944, vita vikiwa bado vinaendelea, na mwaka uliofuata akaingia katika kikosi cha jeshi kinachohudumia wanyama. Huduma hiyo ndiyo iliyomfikisha kwa mara ya kwanza Mashariki ya Kati na Kenya. Alirudi nyumbani akafundisha kwa muda mfupi, kisha mwaka 1950 akajiunga na idara ya mifugo ya makoloni na kupelekwa Kabete.

Maabara ya Kabete ilikuwa na historia ndefu. Hapo ndipo Robert Eustace Montgomery, mwanapatholojia wa mifugo wa serikali ya kikoloni, alipochunguza kuanzia mwaka 1910 ugonjwa wa ajabu uliowaua nguruwe wa walowezi. Nguruwe walioletwa kutoka Ulaya walipata homa kali, masikio na matumbo yakabadilika rangi, damu ikavuja ndani ya mwili, na katika siku chache zizi likabaki tupu. Katika milipuko aliyoichunguza Montgomery, walikufa takriban asilimia 99. Mwaka 1921 alichapisha taarifa yake akionyesha kwamba haikuwa homa ya nguruwe iliyojulikana Ulaya, na akawashuku nguruwe pori kuwa ndio chanzo. Baada ya hapo ugonjwa ulikaa katika vitabu kwa miongo mingi kama jambo la walowezi wachache wa Kenya.

Plowright alipofika, hakuwa na haja ya nguruwe. Kazi ilikuwa sotoka.

Figo za ndama

Msomaji asiyefuga ataelewa uzito wa jambo hili akikumbuka kilichotokea mwishoni mwa karne ya 19. Sotoka iliingia Pembe ya Afrika mwaka 1887 kupitia Massawa, pamoja na ng'ombe walioletwa kwa ajili ya jeshi la Italia. Katika miaka kumi ilikuwa imefika Rasi ya Tumaini Jema. Sehemu nyingi iliua ng'ombe wanane au tisa katika kila kumi. Ethiopia ilikumbwa na njaa iliyoangamiza sehemu kubwa ya watu wake, na Wamaasai walipoteza mifugo katika miaka ile ile ambayo Wazungu walikuwa wakigawana ardhi. Wanahistoria wengi wanaona kwamba ukoloni usingepenya kwa urahisi ule kama mazizi yangekuwa yamejaa.

Chanjo zilikuwepo kabla ya Plowright. Iliyotumika zaidi ilitokana na virusi vilivyopitishwa katika miili ya mbuzi mara nyingi hadi vikapungua ukali. Iliwafaa baadhi ya ng'ombe wenye nundu, lakini ng'ombe wa aina nyingine waliugua vibaya na wengine walikufa kwa chanjo yenyewe. Mfugaji aliyeona fahali wake akianguka baada ya sindano ya serikali hakuhitaji kushawishiwa sana aukatae mpango wote.

Plowright, akishirikiana na R. D. Ferris, alifuata njia mpya iliyokuwa imefungua mlango wa chanjo ya polio Marekani: kukuza virusi ndani ya seli hai kwenye chupa badala ya mwilini mwa mnyama. Walichukua aina ya virusi vya sotoka iliyoitwa Kabete O, wakaviotesha katika seli za figo za ndama, kisha vizazi vipya wakavihamishia katika chupa nyingine, na nyingine, hadi kufikia karibu mara 90. Kila walipohamisha, virusi vilizidi kuzoea maisha ya chupa na kupoteza uwezo wa kumuua ng'ombe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1962 yalieleza chanjo salama kwa ng'ombe wa kila aina, isiyoambukiza kutoka mnyama hadi mnyama, na ambayo dozi yake moja ilitoa kinga ya kudumu. Tena ilikuwa rahisi kutengenezwa, hivyo maabara za Afrika ziliweza kuitengeneza zenyewe, na pengine hilo ndilo lililokuwa muhimu kuliko yote.

Swali alilolipenda

Ukisoma kazi zake kwa mfululizo, unaona kwamba Plowright hakuridhika kutengeneza dawa. Alitaka kujua virusi vinaishi wapi wakati hakuna mnyama anayeugua.

Wamaasai walikuwa wakijua tangu zamani kwamba ng'ombe akilisha mahali nyumbu wanapozalia hupatwa na homa mbaya na kufa. Maofisa wengi wa kikoloni hawakuyatilia maanani maelezo hayo. Mwaka 1960 Plowright na wenzake walitoa virusi vya ugonjwa huo kutoka katika nyumbu waliokuwa na afya njema kabisa, wakathibitisha kwamba wachungaji walikuwa sahihi.

Kwa sotoka alipata jibu la kinyume. Yeye na wenzake walipima damu ya wanyamapori wa kaskazini mwa Tanganyika na kusini mwa Kenya, wakaona kwamba kinga ya sotoka ilikuwa ikitoweka kwa nyumbu wachanga mara ng'ombe wa jirani walipochanjwa. Maana yake ni kwamba nyumbu na nyati waliambukizwa na ng'ombe, na peke yao hawakuweza kuutunza ugonjwa kwa muda mrefu. Nyumbu wa Serengeti, waliokuwa takriban 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960, walizidi milioni moja miaka 15 baadaye. Watalii wanaovuka bahari kutazama uhamaji wao hawaelezwi kwamba sehemu ya tamasha hilo ilitokana na sindano za ng'ombe.

Ugonjwa usio na maficho porini unaweza kuzingirwa. Kwa hoja hiyo ulimwengu ukapata ujasiri wa kusema sotoka inaweza kufutwa.

Ngome za mwisho

Kufuta hakukuwa kwepesi. Mpango wa kwanza wa bara zima, ulioanza mwaka 1962, ulichanja mamilioni ya ng'ombe katika nchi 22 na karibu uumalize ugonjwa. Fedha zikaisha, ufuatiliaji ukalegea, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 sotoka ikarudi kwa kishindo. Moja ya ngome zake za mwisho ilikuwa kusini mwa Sudan, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Juba ulikuwa mji wa jeshi la serikali uliozungukwa na vita, barabara zilikuwa zimetegwa mabomu, na chanjo ya Plowright ilikuwa na udhaifu mmoja: ilihitaji baridi. Friji inayotegemea umeme haisafiri kwa miguu hadi kambi ya ng'ombe.

Udhaifu huo uliondolewa na mtafiti wa Kimarekani Jeffrey Mariner, aliyevikausha virusi vile vile vya Plowright kwa namna iliyoviwezesha kustahimili joto kwa takriban mwezi mmoja. Kuanzia mwaka 1993 chanjo hiyo ilisafirishwa kwa ndege kutoka Lokichoggio, kaskazini mwa Kenya, kisha ikabebwa na wahudumu wa mifugo waliochaguliwa na jamii zao wenyewe, vijana wa Kidinka, Kinuer, Kitoposa na wengine, wengi wao wakiwa hawakuwahi kukaa darasani. Katika mwaka huo wa kwanza walichanja zaidi ya ng'ombe milioni moja. Mlipuko wa mwisho kusini mwa Sudan ulithibitishwa mwaka 1998 katika eneo la Torit, mashariki mwa Juba. Wa mwisho duniani ulionekana mwaka 2001 kwa nyati wa Meru, Kenya.

Ni haki kusema kwamba ushindi huo ulikuwa wa wachungaji hao pia. Bila wao, chupa ya Muguga ingebaki chupa.

Mashimo ya ngiri

Turudi nyuma. Mwaka 1957 homa ya nguruwe ya Afrika ilitokea ghafla Lisbon, Ureno, na mwaka 1960 ikaingia tena na kuenea Hispania. Ugonjwa uliokuwa wa Afrika ukawa tishio la Ulaya, na fedha za utafiti zikapatikana. Plowright, ambaye chanjo yake ya sotoka ilikuwa tayari inatumika, aligeukia nguruwe akiwa Muguga.

Alianza na swali lake la siku zote. Ngiri wengi wa Kenya na Tanzania walibeba virusi bila kuugua, hilo lilijulikana. Ila ngiri aliyekomaa kwa kawaida hana virusi vya kutosha katika damu yake kumwambukiza nguruwe wa zizini kwa kukaribiana tu. Nani basi alikuwa mjumbe?

Jibu lilikuwa ndani ya mashimo. Huko Hispania ilikwisha kuonekana kwamba kupe laini wa mazizi anaweza kubeba virusi hivyo. Plowright na wenzake wakaingia katika mapango ambamo ngiri hulala, nchini Tanzania, wakachota udongo na kuuchekecha wakitafuta papasi, mdudu ambaye wakazi wengi wa vijijini Afrika Mashariki wanamfahamu kwa homa nyingine anayowaletea binadamu. Mwaka 1969 walitangaza kwamba papasi wa mashimo hayo walikuwa wamebeba virusi vya homa ya nguruwe. Mwaka uliofuata walionyesha kwamba papasi jike huwarithisha watoto kupitia mayai, na mwaka 1974 kwamba dume humwambukiza jike wanapojamiiana. Virusi vinaweza kuendelea kuishi ndani ya ukoo wa papasi hata bila kumtegemea nguruwe mwaka hadi mwaka.

Kwa mtu aliyekuwa ameithibitishia dunia kwamba sotoka haina maficho, huu ulikuwa ugunduzi mchungu. Homa ya nguruwe ilikuwa na maficho ardhini, katika kila mbuga yenye ngiri, na hakuna serikali inayoweza kuchanja mashimo.

Adui ndani ya askari

Maficho ya pili yalikuwa madogo zaidi. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 1968, Plowright na wenzake walifuatilia safari ya virusi mwilini mwa nguruwe saa kwa saa. Waliona kwamba virusi vikiingia kwa pua hutua kwanza katika tezi za koo, kisha katika tezi za limfu za jirani, na kutoka hapo husambaa kwa damu mwili mzima. Hizo tezi ndizo kambi za askari wa mwili. Chembe ambazo virusi hivi huzipenda kuliko zote ni makrofaji, yaani chembe nyeupe ambazo kazi yake ni kumeza vijidudu na kuvisaga. Hapa kinachomezwa ndicho kinachomla mlaji.

Wataalamu wengine wawili waliofanya kazi Kenya, Malmquist na Hay, walikuwa wameona jambo la ajabu mwaka 1960. Walikuza chembe nyeupe za nguruwe kwenye chupa na kuziambukiza. Kabla ya kufa, kila chembe iliyoambukizwa ilizungukwa na chembe nyekundu za damu zilizojibandika juu yake, kama nyuki juu ya sega. Hapo ukapatikana utaratibu wa kuutambua ugonjwa bila kumdunga nguruwe mwingine, na maabara zimeutumia kwa miongo mingi. Lakini kwa nini damu ijibandike?

Maelezo yalikuja mwaka 1993. Juu ya ngozi ya chembe fulani za kinga za nguruwe, kama zilivyo za binadamu, kuna kipokezi kiitwacho CD2, protini inayoiwezesha chembe kushikana na jirani yake na kupeana taarifa. Virusi vya homa ya nguruwe vina jeni inayotengeneza protini inayofanana nacho. Chembe iliyoambukizwa huvalishwa sare ya askari wa kinga, na sare hiyo ndiyo inayonasa chembe nyekundu. Wataalamu wanaona kwamba kwa njia hiyo virusi husafiri katika damu vikiwa vimejificha, tayari kwa papasi atakayekuja kunyonya.

Hii ndiyo sababu chanjo ya aina ya Plowright haikupatikana kwa nguruwe kwa urahisi ule. Ng'ombe aliyechanjwa sotoka hutengeneza kingamwili zinazozuia virusi, na habari inaishia hapo. Nguruwe hutengeneza kingamwili nyingi za homa hii, lakini hazitoshi kumlinda. Mapema miaka ya 1960 Ureno ilijaribu chanjo ya virusi hai vilivyopunguzwa ukali, na maelfu mengi ya nguruwe waliishia na ugonjwa sugu wa mapafu, ngozi na viungo.

Mlango ambao haujapatikana

Plowright aliondoka Muguga mwaka 1971 na kuwa profesa katika chuo alichosomea, kisha akaongoza idara ya mikrobiolojia katika taasisi ya utafiti ya Compton, Uingereza, hadi alipostaafu mwaka 1983. Mwaka 1981 alichaguliwa mwanachama wa Royal Society, na mwaka 1999 alipewa Tuzo ya Chakula Duniani kwa ajili ya chanjo ya sotoka. Taasisi ya mifugo ya Muguga, iliyokuwa ya nchi tatu kwa pamoja, ilikwisha kugeuka ya Kenya peke yake baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani kuvunjika mwaka 1977.

Kuna jambo moja ambalo huenda lingemfurahisha. Kipokezi ambacho virusi vya sotoka hukitumia kuingia katika chembe za kinga, kiitwacho SLAM, kilitambuliwa na watafiti wa Japani mwaka 2001, mwaka ule ule wa mlipuko wa mwisho. Plowright aliushinda ugonjwa bila kuujua mlango wake. Kwa nguruwe, bahati hiyo haijaonekana. Kwa miaka kadhaa watafiti walikishuku kipokezi cha makrofaji kiitwacho CD163, ambacho kwa kawaida huokota mabaki ya himoglobini. Nguruwe waliobadilishwa jeni ili wasiwe nacho walithibitika kutopata ugonjwa mwingine mkubwa wa nguruwe, ule wa kuharibu mimba na mapafu. Mwaka 2017 nguruwe wa aina hiyo waliambukizwa homa ya Afrika. Waliugua sawa na wenzao.

Wakati huo ugonjwa ulikuwa umetoka tena nje ya bara: Georgia mwaka 2007, kisha Urusi na Ulaya Mashariki, na Agosti 2018 China, nchi yenye nguruwe wengi kuliko zote. Vietnam iliidhinisha chanjo za kibiashara mwaka 2023, lakini zilitengenezwa kwa aina ya virusi iliyoenea Asia. Aina inayosumbua zaidi Kenya na Uganda, majirani wa Sudan Kusini, ni nyingine, na wanasayansi wa Nairobi bado wanaitafutia chanjo yake.

Kwa hiyo mfugaji wa Juba mwenye majike mawili na watoto kumi nyuma ya nyumba hana sindano ya kutegemea. Ana uzio wa kuwazuia nguruwe wasizurure, ana sufuria ya kuchemshia mabaki ya chakula kabla ya kuwalisha, na ana uamuzi mgumu siku mmoja wao akianza kutetemeka kwa homa: kumwita mtaalamu wa mifugo, au kuwauza wote kwa haraka kwa mchinjaji kabla jirani hajajua. Ugonjwa haumwambukizi binadamu, na ndiyo maana nyama hiyo hununuliwa. Virusi hubaki hai katika nyama mbichi kwa muda mrefu, husafiri nayo hadi mtaa mwingine, na mabaki ya jikoni huwafikisha katika zizi linalofuata.